Vitambaa Ishirini na Tisa vya Shangazi

Jumanne, 4 Machi

Shangazi ameondoka saa mbili asubuhi. Ameniachia duka lake lote la dobi. Mimi! Mpaka sasa siamini. Amekwenda kumuuguza dada yake mdogo aliyeteguka nyonga, atarudi Jumamosi.

Kabla ya kuondoka aliniita nyuma ya kaunta akanishika mkono. Akasema kwa miaka ishirini na miwili hajapoteza hata soksi moja ya mteja. Akasema kitu chochote kikipotea siku hizi tano nisimsubiri arudi. Nifunge virago nirudi kwa kaka. Kwa kaka! Nilale tena sebuleni, shemeji anihesabie vijiko vya sukari! Niliapa kwa mikono yote miwili.

Mpiga pasi alikuwa pale pale anasikiliza, pasi imesimama hewani. Shangazi alipopotea kwenye kona, akaniamkia, "Shikamoo, Bosi wa Siku Tano." Ananizidi miaka kumi na mitano. Nimemsamehe. Uongozi una mizigo yake.

Mchana nikafungua simu. Balaa! Wapiga Hodi wanakimbia!

Niandike hapa vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Mlango wa Saba ni mchezo wa mafumbo mtandaoni, ila mafumbo yenyewe yanatoka nje yanatembea. Mara namba imebandikwa chini ya benchi la stesheni. Mara unapiga simu fulani, mtu anakusomea majina ya ndege, anakata. Aliyeutengeneza hatumjui. Tunamwita Bawabu. Hazungumzi na mtu, hubadilisha ukurasa wake tu. Sisi tunaofumbua ndio Wapiga Hodi, watu mia nne na kumi na wawili. Milango sita tumeifungua. Wa saba umegoma. Ukurasa wa Bawabu una miezi minane haujatikisika hata nukta.

Katika milango sita, minne kafungua Kobe peke yake. Kobe! Mtu anayeandika mara moja kwa siku, polepole, herufi kubwa mwanzo na nukta mwisho. Mimi, Tai Mkuu, sijafungua hata mmoja. Wa tatu nilikosa kwa dakika kumi na moja kwa sababu nilikuwa nasuuza mablanketi ya hoteli. Anayekuwa wa pili hakuna anayemkumbuka.

Leo mtu kaandika kundini kwamba anaondoka, Bawabu kafa. Wengine sita wakamfuata hapo hapo. Kundi likifa, Tai Mkuu atakuwa nani? Atakuwa mfua nguo tu.

Lazima nifanye jambo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo! Limenijia uani, nikiwa chini ya majoho ya kwaya.

Majoho ni ishirini na tisa, rangi ya damu ya mzee, yote sawa ukiyatazama. Lakini kila moja limeshonwa kwa mwili wa mwenyewe. Yanachukuliwa Jumamosi, Jumapili kwaya ina mashindano. Ndani ya kila ukosi kuna kitambaa kidogo cheupe, kimeshikwa kwa pini. Ndiyo alama ya shangazi. Haandiki majina, anasema wino una tabia ya kukimbia. Anashona. Uzi wa rangi fulani, kisha mafundo. Nyekundu mafundo matatu. Kijani mafundo manane. Anayejua maana yake ni yeye; sijawahi kuuliza. Mimi nimeambiwa kitu kimoja: kitambaa kisibanduke.

Nikavitazama vinavyopepea. Nikasema, ala! Hivi si fumbo hivi? Fumbo kamili, tena la kutisha!

Mpango: navifunga kwenye uzio wa posta ya zamani, napiga picha, narusha kundini, nasema nimevikuta. Wapiga Hodi wanafufuka. Wanajivunja vichwa siku mbili. Hawawezi kufumbua kwa sababu jibu halipo! Kisha Tai Mkuu anatoa jibu. Jibu gani? Lolote. Nitakalosema ndilo litakuwa. Kobe atakula nukta zake.

Nilijaribu kwanza kushona vitambaa vyangu mwenyewe. Sindano ilinichoma mara mbili kwenye kidole kile kile. Nikaona nisijitese, vya shangazi vipo, nitavirudisha kabla ya chakula cha mchana. Na nilikuwa mwangalifu. Niliacha majoho kwenye kamba kwa mpangilio wake, nikavitoa vitambaa kwa mpangilio huo huo, la kwanza mpaka la ishirini na tisa. Mtu mwingine asingefikiria hilo.

Saa nne nilikuwa kwenye uzio. Nikafunga vyote, nikapiga picha kumi na nne, nikarusha. Kisha nikavuka barabara nikaagiza chai, nikae nisome sifa zangu kwa raha. Sifa zikaanza kumiminika. Mmoja akaandika kwamba analia. Nikaongeza kikombe.

Niliporudi, uzio ulikuwa mtupu!

Nilizunguka posta mara tatu. Nikapapasa vyuma kimoja kimoja. Nikachungulia hata kwenye mtaro. Simu ikalia: Mpiga Hodi mmoja anafanya kazi ofisi ya bima pale mkabala. Kaona picha, kashuka ngazi mbio, kavikusanya. Akaandika kwa fahari kwamba vitambaa viko salama ndani ya bahasha, na hakuvigusa kwa mikono mitupu. Watu mia mbili wakampigia makofi.

Nikakimbia dukani. Nikajituliza njiani: mpangilio bado upo kwenye kamba. Nikafika uani.

Kamba tupu.

Mpiga pasi keshaanua majoho yote. Kumi na moja ameyapiga pasi, mengine rundo juu ya meza. Nikamuuliza kwa sauti isiyo yangu kama alikumbuka lipi lilikuwa wapi. Akasema kwani yana majina? Kisha akauliza vile vitambaa vimekwenda wapi. Nikasema nimevitoa ili pini zisiweke kutu. Akanitazama muda mrefu sana. Pasi ikaanza kutoa harufu ya kuungua, ndipo akageuka.

Alhamisi, 6 Machi

Ujumbe elfu moja na mia tatu kundini! Waliohama wamerudi, wamekuja na binamu zao. Jina langu liko kila mahali. Tai Mkuu kaokoa mchezo. Tai Mkuu ana jicho. Nimesoma yote mara mbili, mengine mara nne. Sijawahi kusifiwa na kuponzwa kwa wakati mmoja.

Maana bila vile vitambaa nimekwisha. Majoho yananing'inia mstari mmoja chumba cha pasi, ishirini na tisa, safi, yamenyooka, na hakuna hata moja lenye mwenyewe.

Nikaandika kwa upole kwamba mimi kama mgunduzi ningependa kukaa na vitambaa kidogo, nivichunguze kwenye mwanga. Wakakataa! Wameunda kamati ya ushahidi. Tangu jana! Ina mwenyekiti! Mwenyekiti akanikumbusha kanuni ya kumi na nne: mgunduzi wa kidokezo haruhusiwi kushika ushahidi. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi mwenyewe mwaka jana, ili kumkomesha Kobe. Ilipita bila kupingwa. Nilikuwa nimejisifu nayo wiki nzima.

Hata hivyo dhana zao zilinipa moyo. Mmoja anasema ni ramani ya nyota. Mwingine, ratiba ya treni ambayo haipo tena. Yuko anayeamini ni ujumbe kutoka kwa mke wake aliyemwacha, akaomba asaidiwe kuujibu. Nikasema haya, wako mbali. Nikala chakula cha kwanza tangu jana.

Saa kumi na moja jioni Kobe akaandika. Naunakili ujumbe wake wote hapa.

"Rangi ni nne. Nyekundu kumi, kijani nane, njano sita, buluu tano. Mafundo yanahesabu kila rangi kuanzia moja. Hili si fumbo la maneno. Ni orodha ya watu waliogawanywa makundi manne. Nadhani ni kwaya."

Nilikaa juu ya gunia la sabuni bila kujua nimekaa. Sikujua! Miaka yote hii nafua majoho yale, sikujua kwamba nyekundu ni soprano! Nilidhani nimewapa fumbo lisilo na jibu. Kumbe jibu lipo. Na jibu lenyewe limekaa juu ya gunia la sabuni.

Ijumaa, 7 Machi

Niliamka na mkakati. Nikaandika kundini kwamba Kobe amepotea njia, si kwaya hata kidogo, ni mchezo wa bao uliofichwa. Nikaweka hoja tisa. Mtu mmoja akajibu kwa kicheko. Wengine hawakujibu.

Wakati huo kamati ya ushahidi ilikuwa inanusa vitambaa. Inanusa! Watu wazima, wana kazi zao! Wakatangaza kwamba vyote vinanuka wanga, na pini zina alama ya joto. Kobe akaandika: "Basi ni kwa dobi." Maneno manne na nukta.

Wakaanza kuwapigia simu walimu wa kwaya wote mjini. Wakauliza swali moja: mna waimbaji ishirini na tisa, soprano kumi? Mwalimu wa saba akasema ndiyo, na nani anauliza?

Saa tano mwalimu wa kwaya alikuwa mbele ya kaunta yangu.

Nilitaka kuinama nyuma ya kapu la mashuka lakini alikuwa ameshaniona. Mtu mrefu, mkimya, anazungumza kama anakuhesabia mapigo. Akasema kuna watu wanazijua siri za kwaya yake, mpaka idadi ya besi, na mashindano ni keshokutwa. Akasema ana hakika ni majasusi wa kwaya pinzani. Akauliza kama nimewahi kuona mtu anazungukazunguka hapa. Nikasema sijaona mtu. Ni kweli, kioo chetu cha kujitazamia kimevunjika.

Akataka kuyaona majoho. Nikampeleka. Akayapenda! Akapapasa mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua ukosi mmoja. Akafungua wa pili. Akauliza vitambaa vya mama viko wapi.

Nikasema tumehamia mfumo mpya.

Mfumo gani?

Wa kisasa.

Akanitazama kama mtu aliyesikia sauti imetoka nje ya ufunguo wa wimbo. Akasema mfumo uwe wowote, kesho saa sita waimbaji wote watakuja hapa, kila mmoja avae lake na waende moja kwa moja mazoezini. Akasema ana besi mwenye shingo ndefu ambaye joho la mwenzake litamkaba asitoe sauti. Akasema pia ana soprano mdogo kiasi kwamba joho lake lilikatwa kwa vipimo vya mtoto wa shule. Akaniambia haya yote kwa upole. Upole wake ndio ulioniua.

Alipoondoka nikapata akili nyingine: nitayapanga kwa kuyavaa! Nikasimama mbele ya kipande cha kioo, nikavaa moja baada ya jingine. Matokeo: saba yalinikaba, matano niliyakanyaga nikaanguka, kumi na saba yalinitosha sawasawa. Nimekaa nikatafakari takwimu hizi kwa saa nzima. Hazina faida yoyote.

Mpiga pasi aliingia nikiwa ndani ya joho la kumi na tisa, mkono mmoja umenasa. Akasimama mlangoni. Akatoka nje akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akarudi na uso wa kawaida, akanibana mpaka nikamwambia yote, akaniuliza kama ningependa anifungashie virago au nitafunga mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Naandika haraka kabla mkono haujafa ganzi.

Saa moja asubuhi nafungua mlango wa mbele. Mungu wangu! Watu! Foleni mpaka kwenye kona! Nikadhani duka limeungua sijajua. Wote wana daftari, wengine futi za kupimia. Mbele kabisa yule wa bima, kakumbatia bahasha yake.

Wapiga Hodi! Wameulizia dobi kwa dobi mpaka wakanifikia. Wameamua duka la shangazi ndilo Mlango wa Saba.

Mtu mmoja akajitokeza akanipa mkono. Mzee wa makamo, kofia mkononi, nyuma yake gari la shule ya udereva. Akasema yeye ni mwalimu wa udereva, na kundini anaitwa Kobe.

Nilishtuka nikashika fremu ya mlango. Miaka mitatu nimemchukia kijana mwenye miwani minene! Nilimjua mpaka meno yake! Kumbe ni baba wa watu, amechana nywele kwa maji. Na ana jambo moja la ajabu: kila nilipofungua mdomo, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu, kama anashika breki.

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Nakiri. Nilifungua mdomo niuseme. Lakini kilichotoka ni hiki: karibuni, mmefika, hili ndilo jaribio la mwisho. Kila kitambaa kirudishwe kwenye joho lake kabla wenyewe hawajafika saa sita.

Wakapiga kelele za furaha mpaka njiwa wa paa la jirani wakaruka! Kobe alikandamiza sakafu.

Na sasa niseme haki: wale watu ni hatari. Wakatafuta picha ya kwaya, waimbaji wote wamesimama kwa makundi yao ya sauti, kwa mpangilio ule ule wa mafundo, wakaikuza. Wakapima mikono, mapindo, mabega. Wakachora jedwali kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha pasi, ukuta mzima. Mwanamke mmoja alitambua alto watatu kwa mabaki ya poda kwenye ukosi. Kijana mmoja wa benki akalala chali sakafuni kutazama mapindo yaliyolika, akasema huyu anaburuta mguu wa kushoto, na kwenye picha kweli kuna anayeegemea kulia. Mpiga pasi alianza kwa kununa. Saa tatu alikuwa anawapikia chai. Saa nne alikuwa anabishana nao kuhusu mwimbaji wa tano wa sauti ya teno.

Kobe hakupima kitu. Alikaa juu ya gunia la sabuni akinitazama. Akaniuliza taratibu kama namjua Bawabu. Nikasema hakuna anayemjua. Akauliza mwenye duka hili ni nani. Nikasema ni shangazi yangu. Mguu wake ukazama kabisa.

Saa tano na nusu kitambaa cha mwisho kikaingia. Vyote ishirini na tisa! Watu wakakumbatiana. Mwenyekiti wa kamati akalia. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya stuli, nimeshaanza hotuba, nimefika mahali pa kujishukuru.

Kimya kikaingia kutoka mlangoni, kikaja mpaka kwangu.

Shangazi. Na begi lake.

Akauliza watu hawa ni nani na kwa nini wamekanyaga chumba cha pasi kwa viatu. Nikasema ni wateja. Mpiga pasi, Mungu anamwona, akamwaga mtama wote bila kuvuta pumzi: uzio, posta, chai, bahasha, mimi ndani ya joho, mkono umenasa. Alipofika kwenye mkono umenasa aliuonyesha kwa vitendo.

Shangazi hakunitazama. Aliweka begi chini. Akatembea kando ya majoho, moja moja. Akashika ukosi. Akapindua mkono. Akatoa vitambaa vinne, akavibadilisha mahali. Haikuchukua muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha akawageukia Wapiga Hodi akasema wamepata ishirini na tano, na kwa watu wasiofua wamefanya vizuri sana, wanangu.

Kobe akauliza, kofia kifuani, mama amejuaje.

Shangazi akasema nguo humsema mtu. Huyu hufuta jasho kwa mkono wa kushoto. Huyu ameanza kunenepa tangu mwaka jana na anajua. Huyu hutafuna pindo la mkono akisubiri zamu yake ya kuimba. Akasema kwa miaka yote hiyo hajawahi kuhitaji kitambaa ili kujua nguo ya nani.

Kobe akauliza basi vitambaa ni vya nini.

Hapo ndipo aliponitazama. Akasema, "Nilivianza miaka tisa iliyopita, mwaka aliokuja huyu. Ni kwa ajili yake. Asije akakosea, watu wakamcheka."

Nikashuka kwenye stuli. Nilitaka ardhi inimeze mimi na daftari langu. Miaka tisa amekaa usiku kwa usiku akishona mafundo kwa ajili yangu, na mimi sikuwahi hata kuuliza maana ya nyekundu! Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma.

Saa sita kwaya ikafika. Wakavaa. Kila joho likakaa kwa mwenyewe kama ngozi. Yule soprano mdogo alizunguka mara moja, pindo likamgusa kifundo cha mguu, sawasawa. Besi mwenye shingo ndefu akajaribu sauti, madirisha yakaitika. Mwalimu wa kwaya akamshika shangazi mikono yote miwili, akasema ndiyo sababu hawajawahi kupeleka nguo kwingine.

Wapiga Hodi walitoka kimya kimya mmoja mmoja. Kobe wa mwisho. Alivua koti lake, akalikabidhi kwa shangazi lifuliwe, akasema atalifuata Jumatano, maana hajaona kazi kama ile. Kwangu akasema tu kwamba ninaendesha bila kutazama vioo.

Saa tisa kundi lilipiga kura kuhusu kunifukuza. Mia nne na kumi na nane ndiyo, mmoja hapana. Yule mmoja nilikuwa mimi.

Nikafunga virago. Nikavibeba mpaka kwenye kaunta, nikasimama. Shangazi akauliza ninakwenda wapi. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema alisema kitu kikipotea. Akauliza kuna kilichopotea? Nikasema hapana. Akasema basi nirudishe begi chumbani, na nioshe ule ukuta.

Nililia kidogo wakati naosha. Chaki inaingia machoni.

Jumapili, 9 Machi

Kwaya imeshika nafasi ya pili. Hakuna aliyeniuliza, lakini nimewaonea huruma kuliko mtu yeyote.

Adhabu yangu imetoka. Simu inakaa kwenye droo ya shangazi mwezi mzima, napewa saa moja tu Jumapili. Na nitajifunza kushona. Kila nguo dukani itapata kitambaa kipya, kwa mkono wangu. Nimekubali yote. Nimemwambia shangazi nimebadilika. Akasema tutaona.

Saa yangu moja nimeitumia hivi. Nikafungua ukurasa wa Bawabu, kwa mazoea tu. UMEBADILIKA! Mara ya kwanza kwa miezi minane! Nilisimama nikapiga kichwa kwenye rafu. Umeandikwa hivi: "Mchezo huu ulifungwa miezi minane iliyopita. Hatuhusiki na kitambaa chochote. Tafadhali acheni kupiga simu."

Nikajiunga kundini kwa jina jipya, kuona wanasemaje. Maombolezo! Watu wanaagana. Yule wa bima anauza daftari zake. Kobe kaandika kwamba imekuwa safari nzuri, anawashukuru wote, sasa atapumzika. Nukta.

Hawaoni? Mia nne na kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyehesabu? Yale ni maneno kumi na manne. Kumi na nne ni saba mara mbili! Saba!

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi amekaa nami asubuhi nzima. Amenionyesha namna ya kushika sindano, namna ya kuvuta fundo lisikwame. Mikono yake ina mabaka madogo ya miaka. Nilimwambia asante, kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha. Akanipiga kofi dogo la kichwa.

Na mkono wangu si mbaya! Kufikia mchana nilikuwa nimemaliza mashati ishirini. Mpiga pasi aliyakagua kwa miwani akitafuta kosa. Hakulipata. Aliondoka amenuna.

Alasiri ikafika zamu ya koti la Kobe.

Nimelitazama muda mrefu. Mtu mwenye kichwa kile hawezi kustaafu. Kobe akifunga mdomo, Mlango wa Saba hautafunguka milele, na mimi nitamshinda nani? Anahitaji kidokezo kidogo tu, mahali atakapokikuta yeye peke yake. Simu sina. Sindano ninayo.

Nimemshonea kitambaa cha ukosi chenye mafundo saba, kisha saba tena, buluu yote. Jumatano atakiona, atashika breki, atahesabu.

Katikati ya kazi uzi wa buluu uliniishia. Dukani hakuna mwingine mpaka wiki ijayo, lakini suti za mahakimu sita zilikuwa zinaning'inia karibu, na vitambaa vyao vimejaa buluu mpaka pembeni. Nimevifumua vyote. Suti zenyewe zinafanana, na mahakimu ni watu waelewa.